Mama Barbro: Mwalimu Aliyetumwa Mara Mbili

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kwa masharti ambayo kijana wa leo atadhani ni hadithi. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu na kimoja cha Mwasia. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Akimchagua Mwafrika wake tu na kuwaacha wengine, kura yake ilihesabiwa imeharibika. Haki yenyewe ya kupiga kura ilipimwa kwa kipato, kwa elimu au kwa cheo, hata waliojiandikisha nchi nzima hawakufika laki moja. Nchi ambayo Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya watu wake iliambiwa igawane uwakilishi sawa kwa sawa na wachache waliobaki.

TANU ilikutana Tabora Januari 1958 kuamua kama itaingia katika uchaguzi huo au itaususia. Wengi walifika wakiwa wamekwisha amua kususia. Mwalimu Nyerere alisimama, akawashawishi waingie, na uamuzi ule ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka na kuanzisha chama chake. Lakini kukubali lilikuwa jambo moja, na kazi iliyofuata lilikuwa jambo jingine. Sasa TANU ilihitaji Wazungu na Waasia ambao wanachama wake wangeweza kuwapigia kura bila kusutwa na nafsi zao. Chama cha UTP, kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kilikuwa na walowezi na matajiri wa kutosha. TANU ilikuwa inatafuta watu wa namna nyingine kabisa.

Upande wa Ziwa Viktoria, mmoja wa waliofuatwa alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana. Alikuwa Mswidi wa miaka 46, hakuwa na mume, hakuwa na shamba la mkonge, hakuwa na duka wala mgodi. Jina lake lilikuwa Barbro Johansson. Aliingia Barazani 1959, na tangu hapo Watanzania wa vizazi vitatu wakamwita Mama Barbro.

Msomaji wa Nyakasimbi ana haki ya kuuliza mwanamke huyu amefuata nini katika kitabu kinachohusu Karagwe na Kyerwa. Hakuwa Mnyambo, na shule aliyofundisha iko mbali na kwetu, upande wa ziwani, safari ya kupitia Kyaka na kushuka kuelekea Bukoba. Jibu langu ni kwamba historia ya siasa za mkoa huu wa Kagera imezoea kusimuliwa kwa njia mbili tu, njia ya watemi na njia ya kahawa. Watemi tumewaandika, na kahawa tumeiandika. Tumeliacha bweni la wasichana, na mimi naamini bwenini ndimo yalimofanyika mambo ambayo watemi wala chama cha ushirika wasingeyaweza. Wasichana wa Karagwe waliokuja kusoma baadaye walipita katika mlango ambao walimu wa namna ya Barbro waliusukuma wakati ulipokuwa bado mzito.

Tena Karagwe haijawahi kuwa mahali pa kushangaa mgeni. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwishoni mwa 1861, walimkuta mtawala aliyekwisha zoea kupokea wageni, kuwauliza maswali mazito juu ya nchi zao, kubadilishana nao zawadi na kuwapima kabla ya kuwaachia njia ya kwenda Buganda. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, akabaki Karagwe akiuguzwa wakati mwenzake akisonga mbele. Hapo Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao, na Kiswahili kilisikika huko miaka mingi kabla Mjerumani hajafungua ofisi Bukoba. Rumanyika alielewa kwamba mgeni ni habari, na kwamba anayempokea vizuri ndiye anayechagua habari gani ibaki na ipi iondoke. Hiyo ndiyo diplomasia ya utamaduni katika sura yake ya asili, na iliendeshwa na mwenyeji. Nawaomba wasomaji walishike hilo tunapoendelea, kwa sababu kisa cha Barbro ni kisa cha mgeni aliyekubali kuongozwa na wenyeji.

Barbro Johansson alizaliwa Uswidi mwaka 1912. Alifika Bukoba 1946, akiwa mwalimu aliyetumwa na misheni ya kanisa la nchi yake. Waswidi wenyewe walikuwa wageni wa juzi tu. Ulutheri uliletwa Buhaya na misheni ya Bethel kutoka Ujerumani mwaka 1910. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Waingereza waliwakamata wamisionari wa Kijerumani, na kanisa likabaki mikononi mwa wainjilisti na walimu Wahaya. Hao ndio waliolishikilia. Bengt Sundkler na wenzake kutoka Uswidi walipofika katika miaka ya vita walikuta kanisa lenye watu waliokwisha zoea kujiendesha. Kwa hiyo Barbro hakuja mahali patupu. Alikuja kufanya kazi katika nyumba yenye wenyewe, na nadhani hilo lilimfundisha jambo ambalo wamisionari waliotangulia hawakupata nafasi ya kujifunza.

Kazi iliyomjenga ilikuwa Kashasha. Huko aliongoza shule ya bweni ya wasichana, na ili kuelewa uzito wa kazi ile lazima tukumbuke jinsi safari ya mwanamke ilivyotazamwa Buhaya wakati huo. Tangu miaka ya 1920 wanawake wengi wa Buhaya walikuwa wakipanda meli kwenda Kampala na Nairobi. Wengine walikimbia ndoa zilizowashinda, wengine walikwenda kutafuta fedha za kununua shamba la migomba, kitu ambacho kwa mila walikuwa na njia chache sana za kukipata nyumbani. Wengi waliishia katika umalaya, na wengi walirudi na fedha, wakanunua mashamba. Wanaume wa Umoja wa Wahaya walipiga kelele, wakataka serikali iwazuie wanawake wasiofuatana na waume au baba zao kupanda meli. Kwa miaka mingi, mwanamke aliyeonekana na mzigo wake njiani alikuwa mshukiwa.

Sasa fikiria shule ya bweni ya wasichana katika mazingira hayo. Mzazi anaombwa amtoe binti wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, aende akae miezi mbali na macho ya baba na mama, chini ya mwanamke asiyeolewa kutoka nchi isiyojulikana. Halafu mzazi huyohuyo anaambiwa alipe karo. Kila msichana aliyefika bwenini alikuwa zao la mazungumzo marefu kati ya mwalimu, mchungaji, baba, mjomba na shangazi. Kahawa ilisaidia. Bei zilikuwa nzuri katika miaka ya 1950, na Chama cha Ushirika cha Bukoba, BNCU, kilikuwa kimesimama imara. Lakini fedha peke yake haimtoi binti nyumbani. Lazima pawe na mtu anayeaminika upande wa pili. Walimu wa kike wa shule za namna hii walikuwa wanajenga imani hiyo familia kwa familia, na mimi sijui mafunzo ya siasa yaliyo bora kuliko hayo. Mgombea anayekwenda kuomba kura huahidi maji na barabara. Mwalimu wa bweni aliomba watoto wa watu.

Ndiyo maana sioni ajabu kwamba TANU ilipotafuta Mzungu wa kumwamini upande wa ziwa ilimpata shuleni. Awamu ya pili ya uchaguzi, Februari 1959, wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walipita bila kupingwa katika viti vingi. UTP ilikuwa imekwisha vunjika moyo. Pamoja na Barbro, katika awamu hizo mbili, waliingia Barazani wanawake wengine ambao wanastahili kutajwa kila mara habari hii inaposimuliwa. Sophia Mustafa wa Arusha alikuwa Mwasia aliyechaguliwa kwa kura za Waafrika. Lady Chesham alitoka Nyanda za Juu Kusini. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi TANU kuliko mtu mwingine yeyote, aliingia baada ya uchaguzi wa 1960, na Lucy Lameck pia. Inasikitisha kwamba mfumo ule wa rangi tatu uliwafungulia mlango wanawake wa Kizungu na wa Kiasia kabla ya Bibi Titi. Huo ulikuwa ubovu wa mfumo, na sifa yoyote tunayompa Barbro isitusahaulishe.

Kutoka Bukoba aliingia pia kijana aliyekuwa meneja mkuu wa BNCU, Clement George Kahama, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mbunge wa Karagwe. Julai 1959 Kahama alikuwa mmoja wa mawaziri watano wa kwanza waliotoka miongoni mwa wajumbe waliochaguliwa, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Amir Jamal. Nawataja Kahama na Barbro pamoja kwa makusudi. Mmoja alilelewa kisiasa na ushirika wa kahawa, mwingine na shule ya wasichana, na wote wawili walikuja kutumwa na Tanzania kuisemea ng'ambo. Kahama alikuwa balozi Bonn, na baadaye Beijing. Barbro alitumwa kwao.

Lakini kabla ya hapo, kuna jambo moja kuhusu Kashasha ambalo siwezi kulipita. Ukimtajia mgeni jina la Kashasha leo, popote duniani, kama analijua basi analijua kwa sababu ya kicheko. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali ile ikasambaa hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Hakuna mwalimu aliyepatwa. Shule ikafungwa Machi 18, ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena. Wasichana waliporudi nyumbani hali ikazuka Nshamba, kisha katika shule nyingine karibu na Bukoba. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza damu na chakula wasione sumu wala kidudu, wakaandika ripoti yao 1963. Tangu hapo kisa kimezunguka katika vitabu na redio za dunia kama kichekesho: kijiji cha Afrika kilichocheka mpaka kikaugua.

Wasichana wale hawakuwa wanafurahi. Ripoti yenyewe inaeleza hofu, kutotulia, kulia, kukimbia, na hata kuwapiga waliojaribu kuwazuia. Wataalamu waliokuja baadaye wamelitazama kama jibu la mwili kwa shinikizo lisilo na njia ya kutoka, na mimi nakubaliana nao. Ilikuwa wiki chache tu baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Wasichana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane walikuwa wamebebeshwa matumaini ya familia, ya kanisa na sasa ya taifa zima, katika nchi ambayo sekondari zake zote ziliandikisha wanafunzi 11,832 tu mwaka ule wa Uhuru, wavulana na wasichana pamoja. Mtihani mmoja uliamua kama utaendelea au utarudi kuolewa. Bwenini kulikuwa na nidhamu kali, nyumbani kulikuwa na macho yanayokungoja. Barbro wakati huo alikwisha ingia Bungeni. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba shule iliyomtoa mbunge na shule iliyotoa kile kicheko ni moja, na kwamba mambo yote mawili yanatueleza gharama aliyolipa msichana wa Kagera kwa ajili ya elimu. Dunia imechukua kicheko ikaacha gharama. Sisi wenyewe tusifanye hivyo.

Turudi Bungeni. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, ulijadiliwa muswada wa uraia. Wapo wajumbe wa TANU waliotaka uraia uwe wa Waafrika kwanza, na wengine wote wasubiri. Nyerere alikasirika mbele ya Bunge kama alivyokasirika mara chache maishani mwake. Alisema serikali yake haitajenga uraia juu ya rangi ya ngozi, na akaweka wazi kwamba yuko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Muswada ukapita. Kwa watu kama Jamal, Bryceson na Barbro, mjadala ule haukuwa wa nadharia. Wenzao waliokaa nao viti vya jirani walikuwa wakijadili kama wao ni wa nyumba hii au si wa nyumba hii. Barbro alichukua uraia wa Tanganyika baada ya Uhuru, na hilo lilimgharimu pasipoti aliyozaliwa nayo. Uamuzi wake ulikuwa wa kisiasa kuliko hotuba yoyote ambayo angeweza kuitoa.

Hapo ndipo mwalimu aliyetumwa na Uswidi alipoacha kuwa wa Uswidi. Misheni humtuma mtu kwa muhula. Muhula ukiisha, anarudi nyumbani, anasimulia, anaonyesha picha kanisani. Barbro alijifunga na nchi kwa sheria zake, pamoja na kodi zake na uchache wa sukari na sabuni uliokuja baadaye.

Katikati ya miaka ya 1960 alirudi darasani, safari hii Tabora, akiwa mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana. Tabora Girls ilikuwa inachukua wasichana kutoka kila pembe ya nchi, wa dini zote na makabila yote. Ile ilikuwa kazi tofauti na Kashasha. Kashasha palikuwa pa kanisa moja na lugha moja ya nyumbani. Tabora palikuwa pa serikali, na kila bweni lilikuwa Tanzania ndogo. Azimio la Arusha lilitoka Februari 1967, na mwezi uliofuata Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Shule zikatakiwa ziwe na mashamba, wanafunzi washike jembe, na elimu ya msingi iwe kamili kwa wengi wasioendelea badala ya kuwa ngazi ya wachache wanaoendelea. Kwa mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana waraka ule ulikuwa na mtego wake. Wazazi waliokuwa wamepambana miaka mingi binti yao aondoke jikoni na shambani sasa waliambiwa shule itamrudisha shambani. Jembe la Elimu ya Kujitegemea lilikuwa na maana moja kwa mvulana wa Tabora School aliyezoea kuhudumiwa, na maana nyingine kabisa kwa msichana aliyelima tangu akiwa na miaka sita. Sidhani sera ile ililiona jambo hilo vya kutosha.

Mwaka 1969 sheria ya elimu ilizitaifisha shule za misheni. Kanisa lililomtuma Barbro lilipoteza shule zake kwa serikali ambayo yeye alikuwa ameitumikia Bungeni. Wapo Walutheri wa Buhaya waliosikitika, na wana sababu zao, kwa maana walijenga shule zile kwa mikono na sadaka zao. Upande wa pili, msichana Mwislamu wa Karagwe au Mkatoliki wa Kyerwa sasa aliweza kupangiwa shule yoyote bila kuulizwa amebatizwa na nani. Nikiulizwa nitasema taifa lilipata zaidi ya lilichopoteza, ingawa ubora wa shule nyingi ulishuka baadaye na hilo halifichiki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilimtuma Barbro Stockholm, katika ubalozi uliohudumia nchi za Nordic. Umri wake ulikuwa unakaribia sitini. Hebu tuitazame safari hiyo kwa utulivu. Aliondoka Uswidi 1946 kwenda kuwafundisha Waafrika. Alirudi robo karne baadaye, akiwa na pasipoti ya Tanzania, kuwafundisha Waswidi juu ya Afrika.

Wakati wenyewe ulikuwa mzuri kwa kazi hiyo. Nchi za Nordic zilikuwa zimeanza na kituo cha elimu cha Kibaha katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, na mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwa Watanzania. Uswidi ilikuwa imeunda shirika lake la misaada, SIDA, mwaka 1965, na Tanzania ikawa mbele kabisa katika orodha ya nchi ilizozisaidia. Olof Palme, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1969, alimheshimu Nyerere na akawa rafiki yake. Vyama vya ukombozi vilivyokuwa na ofisi Dar es Salaam vilikuwa vinaungwa mkono Stockholm waziwazi kuliko katika miji mingi ya Magharibi. Katika mazingira hayo mwanadiplomasia wa kawaida angeweza kukaa ofisini akapokea hundi. Mtu aliyelala Kashasha na kuamka Tabora alikuwa na kitu kingine cha kuwapa wenyeji wake. Angeweza kuwaambia walimu, wachungaji na wanachama wa vyama vya wafanyakazi wa Uswidi, kwa lugha yao ya mama, kwamba Tanzania si picha ya mtoto mwenye njaa. Ina watu wanaobishana juu ya karo, juu ya rangi ya uraia, juu ya jembe shuleni.

Watu wengi wakisikia diplomasia ya utamaduni hufikiria ngoma na vinyago katika ukumbi wa hoteli. Ngoma ina heshima yake. Lakini mabadilishano makubwa zaidi kati ya Uswidi na Tanzania katika miaka ile yalihusu swali la nani anastahili kusoma na kwa umri gani. Waswidi walikuwa na shule zao za watu wazima wa vijijini, zilizoanza kwao 1868 kwa kufuata mawazo ya Mdenmark Grundtvig. Humo mkulima hakufanya mtihani wa kuingia wala wa kutoka. Alikaa bweni majira ya baridi akasoma historia, uandishi, hesabu na sheria, kisha akarudi shambani akaweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji. Tanzania kwa upande wake ilikuwa imeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mikoa ya Ziwa, pamoja na huu wetu uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ilikuwa katika mradi wa majaribio wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa. Wazee wetu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha kahawa na migomba. Mwaka 1967 zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1977 wasiojua walikuwa wamebaki asilimia 27.

Mawazo haya mawili yalikutana. Kuanzia 1975, kwa msaada wa Uswidi, vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, zaidi ya hamsini nchini kote. Barbro, baada ya Stockholm, aliendelea na kazi ya elimu ya watu wazima Tanzania. Siwezi kumpa sifa ya vyuo hivyo peke yake, na mtu mwaminifu hawezi. Vilikuwa kazi ya watu wengi wa pande zote mbili. Lakini mawazo hayasafiri yenyewe kama mvua. Yanahitaji mtu anayeelewa pande mbili, anayejua kwamba mkulima wa Skåne, huko Uswidi, wa karne ya 19 na mkulima wa Nyakasimbi wa 1975 wana shida zinazofanana kwa sehemu fulani na zisizofanana kabisa kwa sehemu nyingine.

Kuna swali gumu ambalo lazima niliweke hapa, hata kama linawauma wanaompenda, nami nikiwa mmoja wao. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika miaka iliyofuata watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa sehemu nyingi za nchi. Marafiki wa Tanzania huko Nordic, wakiwamo walioieleza Ujamaa kwa moyo wote, walichelewa kulisema hilo. Upendo wao ulikuwa wa kweli, na katika jambo hili upendo uliwafumba macho. Anayeisemea nchi ng'ambo anabeba mzigo wa kusema na yale ambayo nchi isingependa yasemwe, na kizazi kile cha wasemaji, Waswidi kwa Watanzania, hakikuubeba mzigo huo wote.

Mwaka 1996 Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliongoza kuanzishwa kwa mfuko wa elimu ya wasichana uliopewa jina la Barbro Johansson, yeye mwenyewe akiwa angali hai. Wakati ule Kagera ilikuwa imepigwa na UKIMWI kuliko mkoa mwingine wowote. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa hapa mwaka 1983, na miaka kumi baadaye kulikuwa na nyumba nyingi zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Msichana yatima ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha shule. Mfuko ulijenga shule Luguruni, nje kidogo ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 2000, na baadaye shule nyingine Bukoba. Barbro hakuiona ya Luguruni ikifunguliwa. Alifariki Desemba 1999, akiwa na miaka 87, wiki chache baada ya Nyerere, aliyefariki Oktoba 14 mwaka uleule.

Tibaijuka mwenyewe alikwenda Uppsala kusoma uchumi wa kilimo, akawa profesa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi kwa miaka kumi, ndipo akaja kuwa mbunge wa Muleba Kusini mwaka 2010. Njia yake ni ile ya Barbro iliyogeuzwa: kwanza dunia, kisha jimbo.

Vyuo vile vya Maendeleo ya Wananchi vipo mpaka leo, 54 kwa hesabu ya sasa. Vilipita miaka ya njaa ya bajeti, vingine majengo yakachakaa, mabweni yakabaki na vitanda vichache. Katika miaka ya karibuni vimepata kazi mpya kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho: kuwapokea wasichana walioacha sekondari kwa sababu ya mimba, wakaja na watoto wao, wakasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na mtoto akalelewa palepale chuoni. Kwa miaka mingi msichana mwenye mimba alifukuzwa shule na hakukuwa na mlango wa kurudia, mpaka waraka wa Novemba 2021 ulipowaruhusu kurejea katika shule za kawaida. Vyuo hivi vilianza kuwapokea kabla ya waraka huo, na vinaendelea kuwapokea wale ambao darasa la kawaida, lenye watoto wadogo kwao na macho ya kijiji, haliwafai tena. Wazazi wa Nyakasimbi wenye binti wa namna hiyo nyumbani waende wakaulize nafasi katika chuo kilicho jirani nao. Hakuna anayetakiwa kumficha mtoto wake.